Usinunue Pikipiki Kabla ya Kuijua Barabara Yako

Kabla hujauliza bei ya Boxer mpya dukani Morogoro, jiulize utaiendesha wapi. Wilaya ya Kilosa ni moja kwenye ramani, ila kwa mwenye pikipiki ni tatu. Ya kwanza ni ya lami kuu, barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, ambayo kabla ya kufika Mikumi mjini inaipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Ya pili ni ya bonde: Kimamba, Tindiga, Kilangali na vijiji vya mpunga, ambako udongo mweusi ukinyeshewa usiku, asubuhi hakuna anayekuuliza una CC ngapi. Ya tatu ni ya milima, tangu safu za Rubeho na Ukaguru hadi Vidunda kule juu ya Kidodi, ambako breki ndizo zinazoamua kama mzigo utafika.

Maneno haya ni ya anayeanza: mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali, muuguzi wa zahanati, bwana shamba, mama anayekusanya mpunga vijijini, kijana anayetaka kupaki kijiweni. Kwa ninavyoona, mwendeshaji mpya wa huku haangushwi sana na mashine mbaya. Anaangushwa na mazoea ya barabara moja aliyoyahamishia barabara nyingine. Aliyezoea vumbi la Ulaya na Zombo anaingia lami kuu akiwa hana habari na vioo vya pembeni. Aliyezoea lami anaingia tope la Tindiga na kukanyaga breki kama yuko Msamvu, Morogoro mjini.

Kuchagua mashine

Ukiwa wa bonde na mjini, injini ya CC 100 au 125 inakutosha. Ni nyepesi, na ikizama kwenye tope unaweza kuinyanyua mwenyewe bila kungoja wapita njia. Ukiwa wa milimani, au unabeba abiria na magunia kila siku, chukua 150. Injini ndogo ikipandishwa mlima na mzigo siku nzima inachoka mapema, na pesa uliyookoa dukani utaimalizia kwa fundi.

Kuhusu jina la kampuni, usibishane sana. Angalia kitu kimoja tu: spea zake zinauzwa wapi. Boxer na TVS zimejaa vijijini kwa sababu cheni, klachi na tyubu zake utazikuta hata duka la karibu na gulio, na fundi wa chini ya mwembe anazifungua akiwa amefumba macho. Pikipiki ya jina geni inaweza kuwa nzuri na ya bei nafuu, lakini siku kifaa kimoja kikikatika utasubiri basi likuletee kutoka Kariakoo.

Ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Injini ya baridi husema kweli. Piga kiki, sikiliza, kisha angalia egzosi. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake inakula oili. Simama nyuma yake uangalie kama tairi la mbele na la nyuma yapo kwenye mstari mmoja, maana pikipiki iliyowahi kugonga mara nyingi hubaki na fremu iliyopinda, na rangi mpya haiwezi kuificha. Inua tairi la mbele, lishike na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja, weka kwenye hesabu yako cheni na sproketi mpya zote mbili, kwa kuwa cheni mpya juu ya sproketi iliyokwisha haidumu.

Kisha namba. Namba ya chesisi na namba ya injini zilizogongwa kwenye chuma zilingane na zilizo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Zikiwa zimekwanguliwa, au muuzaji akikwambia kadi ipo kwa shemeji Dodoma, aga kwa heshima uende zako. Jina la kwenye kadi likiwa si la anayekuuzia, mwenye jina aje mwenyewe. Malipo yafanyike palepale mnapoandikishana, na ubadilishaji wa umiliki TRA uanze siku hiyo hiyo. Utahitaji namba ya NIDA na TIN, kwa hiyo kama huna, anza na hizo kabla ya kutafuta pikipiki.

Leseni ya udereva ya daraja la pikipiki ni lazima hata kama safari yako ni ya kwenda shambani na kurudi. Bima ndogo pia ni lazima, na karatasi ya bima siku hizi unaweza kuihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA. Fanya hivyo, kwani stika feki zipo. Ukibeba abiria kwa nauli unahitaji na leseni ya usafirishaji ya LATRA. Faini za barabarani kwa pikipiki na bajaji zilipunguzwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na wapo waliochukulia kwamba sasa ni nafuu kulipa kuliko kufuata sheria. Faini ndiyo iliyopungua. Bima haimlipi aliyegongwa na dereva asiye na leseni kwa urahisi wanaoudhania, na familia ya aliyegongwa itakutafuta wewe.

Mkataba wa hesabu

Vijana wengi hawanunui kwa taslimu. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha na kupeleka hesabu ya kila siku, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Ni mpango halali na umewatoa watu wengi, ila fanya hesabu kabla ya kusaini. Chukua mfano: pikipiki dukani ni shilingi milioni 2.9. Unaambiwa upeleke 10,000 kwa siku, siku sita za wiki, kwa mwaka mmoja na nusu. Hiyo ni zaidi ya milioni 4.6. Tofauti ya zaidi ya milioni 1.7 ni faida ya tajiri kwa kukuamini na mali yake. Inaweza kuwa haki, inaweza kuwa unyonyaji. Inategemea nani anabeba nini njiani.

Kwa hiyo uliza. Nani anabadilisha oili na tairi? Nani analipa bima ikiisha katikati? Ukiugua malaria wiki nzima, siku zile zinaongezwa mwishoni au zinageuka deni? Masika yakifunga njia na abiria hakuna, hesabu inashuka? Pikipiki ikiibiwa umebakisha miezi miwili, inakuwaje? Kadi itabadilishwa jina lini, na nani atalipia? Majibu yote yaandikwe, msaini mbele ya mtendaji wa kijiji au wakili, na kila hesabu unayopeleka iwe na alama: meseji ya muamala wa simu inatosha, daftari lililosainiwa linatosha. Tajiri anayekasirika kwa kuombwa maandishi amekwambia kitu muhimu mapema na bure.

Kabla ya kuingia mkataba, pitia halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. Inachukua muda, inataka kikundi kilichosajiliwa na chenye watu mnaoaminiana kweli, na hapo kwenye kuaminiana ndipo vikundi vingi hukwama. Lakini riba ni sifuri.

Na jihadhari na udeiwaka. Kushika pikipiki ya mwenzako kwa saa chache wakati amelala ni njia nzuri ya kupata nauli, ila hakikisha tajiri wake anajua. Ajali ikitokea mikononi mwako ukiwa deiwaka, mwenzako na tajiri wake wote watakukana.

Kujifunza

Jifunze mahali penye uwazi, uwanja wa mpira asubuhi kabla ya watu, na ujifunze kusimama kabla ya kujifunza kukimbia. Yeyote anaweza kuvuta moto. Kusimama pale ulipokusudia, bila kuteleza na bila kuzima injini, ndiko kunakoonyesha kama mtu anajua. Tumia breki zote mbili. Wengi hufundishwa kwamba breki ya mbele inapindua, basi wanaishi na ya nyuma peke yake. Kumbe kwenye lami kavu ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu ukifunga breki uzito wote unasogea mbele. Kinachopindua ni kuikaba ghafla, au kuikaba ukiwa kwenye kona, changarawe au tope. Ibane taratibu, kwa vidole, ukiongeza.

Mpangilio wa gia hutofautiana kati ya pikipiki moja na nyingine. Ukiazima ya mtu, uliza kwanza, kisha zunguka nayo polepole kabla hujaingia barabarani.

Kofia ngumu usiiache nyumbani kwa sababu unaenda karibu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Lakini hiyo ni kofia iliyofungwa kamba kidevuni, si ile inayoning'inizwa kwenye kioo kumsubiri trafiki. Nunua yenye kioo cha uso. Kwenye mwendo wa lami mdudu mmoja jichoni anatosha kukupeleka mtaroni, na kule hifadhini mbung'o hawana mchezo. Viatu vya kufunika mguu. Kandambili waachie wa bombani.

Lami ya hifadhini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mgeni anapokufa.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu inapita katikati yake, na wanyama hawakuwahi kuacha kuvuka kwa sababu ya lami. Ndani ya hifadhi mwendo wa mwisho ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kuna matuta, na kuna mabango yanayoorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Abiria wa mabasi huyasoma wakicheka. Mwenye pikipiki asiyasome kama faini, kwani ukimgonga nyati na Boxer hutabaki wa kulipishwa.

Chukua hesabu ya kusimama. Ukiwa kwenye 70, kila sekunde unakula karibu mita 19. Sekunde moja inapotea kabla mkono haujafika kwenye breki. Breki za kawaida za pikipiki zetu zitakula mita nyingine 35 au zaidi kwenye lami kavu. Jumla unapita mita 50. Ukiwa kwenye 50, jumla yake ni kama mita 30 na ushee. Usiku, taa ya pikipiki ndogo ikiwa imepakwa vumbi, na lori la kutoka Tunduma linakuja mbele likiwa na taa kali, mita hizo 50 huzioni kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu ni mkavu: usipite hifadhini na pikipiki usiku. Ingia jua likiwa limeshapanda, saa moja na nusu asubuhi hivi, na uwe umetoka upande wa pili kabla ya saa kumi na moja jioni. Alfajiri na magharibi wanyama wanatembea sana na wewe huoni vizuri. Ukichelewa Doma au Mikumi, lala. Kama safari haiepukiki, tafuta Fuso linalorudi tupu, upandishe mashine juu, na wewe ukae ndani na dereva.

Mchana nao una kanuni zake. Twiga akivuka, subiri. Nyuma yake yupo mwingine. Swala husimama kando akikutazama, halafu anaruka wakati ule ule unapomkaribia, kwa hiyo punguza mwendo kwa kumwona tu. Nyani wamezoea kutupiwa vyakula kutoka kwenye mabasi, wanakaa barabarani kama wenye mji; wapite polepole, usisimame, usitoe mkate. Tembo ni habari nyingine. Ukiwaona wanavuka, simama mbali, mbali kuliko magari yanavyosimama, maana wewe huna bati la kukukinga. Usipige honi, usivute moto kuwatisha, usijipenyeze katikati ya kundi. Acha injini ikiwa inanguruma chini, gia ya kwanza karibu, na ujue utageuzia wapi. Subiri hadi wa mwisho avuke na zaidi kidogo, kwani watoto huchelewa na mama zao hurudi. Basi au lori likiwepo, jiweke nyuma yake.

Ukipata pancha ndani ya hifadhi usiiburute pikipiki kwa miguu kilomita kumi. Kaa nayo barabarani, panapoonekana, simamisha gari. Usiingie kichakani kujisaidia. Malizana na hayo mjini Mikumi au Doma. Kabla ya kuingia jaza petroli, kagua upepo, beba tyubu, plagi, spana na pampu. Na pikipiki haitumiki kutalii ndani ya hifadhi. Getini watakurudisha, usijisumbue.

Kitu kingine cha lami kuu ni malori na mabasi yenyewe. Basi likikupita kwa kasi upepo wake unakusukuma kwanza nje kisha unakuvuta ndani. Shika usukani kwa uthabiti bila kuubana, magoti yakumbatie tenki, na upunguze moto kabla halijafika, si baada ya kukufikia. Kwa hilo lazima uwe unatazama vioo. Endesha kushoto lakini usitembee kwenye ukingo kabisa wa lami: pale ndipo palipomegeka, na gurudumu likidondoka ukingoni usijaribu kulirudisha kwa nguvu. Punguza, nyooka, kisha panda taratibu. Usimfuate mwenye tenki la mafuta kwa karibu ukidhani anakukinga upepo. Huoni mbele yake na yeye hakuoni wewe.

Upande wa Kidodi, Ruaha na Kidatu, msimu wa mavuno ya miwa ongeza tahadhari: matrekta yanavuta matela marefu, mengine bila taa za nyuma, na vipande vya muwa hudondoka barabarani. Muwa uliopondwa juu ya lami unateleza kuliko unavyofikiri. Na ukielekea Iringa, miteremko ya Iyovi ina madoa ya dizeli na oili kwenye kona. Pita pembeni ya doa ukiwa wima, bila breki.

Bondeni na masika

Lami kutoka Dumila kupitia Rudewa imefika Kilosa mjini, na hiyo imebadilisha mambo mengi. Ila ukiiacha lami hiyo kuingia mashambani uko mikononi mwa udongo mweusi. Ukikauka ni mgumu wenye nyufa zinazonasa tairi. Ukilowa unaganda kwenye tairi, unajaa kwenye madigadi, hadi gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Wenyeji wa huko hulipandisha madigadi la mbele juu, au hulitoa kabisa wakati wa masika, na hubeba kijiti cha kuchokonolea. Fuata mfano wao.

Kwenye tope, chagua njia moja ya tairi na ubaki nayo. Kuhama kutoka mtaro mmoja kwenda mwingine ndiko kunakoangusha. Gia ya pili, moto mdogo usiobadilika, macho mbele mbali na si kwenye tairi. Ukihisi nyuma inacheza, iache icheze. Ukikanyaga breki umelala. Shusha upepo kidogo kama una pampu ya kuurudisha. Kwa lami, pikipiki nyingi za aina hii hutaka karibu PSI 25 mbele na 28 nyuma, 32 ukiwa na abiria, ila namba sahihi ya pikipiki yako imo kwenye kitabu chake.

Maji. Mto Mkondoa unakusanya maji kutoka mbali, hadi upande wa Mpwapwa, na unaweza kufurika Kilosa pakiwa hapajanyesha tone. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa kingo zake, yakang'oa reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Januari 2014 maji yalivunja daraja la Dumila. Sizisemi hizi kama historia. Ukikuta maji yanapita juu ya kivuko na huoni chini, usivuke. Maji yanayotembea, yakifika tu kwenye ekseli, yana nguvu ya kuisukuma pikipiki na wewe juu yake. Ngoja yapungue, mara nyingi ni saa chache. Kama maji yametulia na unaijua njia, tembea kwanza kwa miguu ukipima kwa fimbo, kisha vuka gia ya kwanza bila kuachia moto, maji yasiingie egzosini. Injini ikizimika ndani ya maji usiiwashe tena humo. Isukume nje, fungua plagi, kausha, angalia na rangi ya oili. Ikiwa kama chai ya maziwa, imwage yote.

Reli ya zamani ya Kilosa hadi Kidatu unakutana nayo mara kadhaa. Chuma kilicholowa ni barafu. Ivuke ukiwa umenyooka, usiikate kwa ulalo. Ng'ombe wa wafugaji nao: pita nyuma ya kundi, usipite mbele, na mwangalie mchungaji zaidi ya ng'ombe. Akinyanyua fimbo, simama.

Milimani nitasema kidogo. Mteremko unaoshukwa kwa gia ya pili usiushuke kwa gia ya nne na breki, na usizime injini kuokoa petroli. Breki za ngoma zikipata moto zinakuwa laini, kisha hazishiki, na huku kona zina korongo upande mmoja. Injini ikunyonyee mwendo. Ukiona breki zinalegea, simama, kaa, zipoe. Vitunguu havitaharibika kwa robo saa.

Abiria, mzigo na usiku

Abiria apande na kushuka upande wa kushoto. Egzosi iko kulia, na makovu ya moto kwenye mashavu ya miguu ya kina mama wa Kilosa yanatokana na haraka tu. Mwanamke aliyevaa khanga au dera, msubiri alikusanye na alikalie vizuri, uhakikishe upindo hauko karibu na cheni wala spoku. Mwambie kwa adabu, "Mama, shika khanga yako vizuri," kisha ondoka. Mtoto asikae mbele kwenye tenki. Mshkaki unakataliwa na sheria na pia na breki zako: abiria wawili na wewe mnahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na wa nyuma kabisa anakalia mahali pasipo na pa kushika. Kuwakatalia mama na binti yake saa mbili usiku ni kugumu, najua. Peleka mmoja, rudi.

Gunia la mpunga au mkaa lilale chini na karibu nawe. Likikaa nyuma sana, mbele kunakuwa kwepesi na usukani hautii. Funga kwa mpira wa tyubu, kamba ya manila hulegea.

Petroli jaza kituoni. Ya chupa ni ya dharura. Imekaa juani, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Ujue bomba lako la rizevu liko wapi na ulizoee kwa mkono, maana pikipiki huzima ghafla ukiwa unalipita lori.

Kila Jumapili, au siku yoyote unayopumzika, ipe nusu saa. Osha matope, kagua spoku kwa kuzigonga gonga, paka cheni oili na uikaze iwe na ulegevu wa kama sentimita mbili na nusu hadi tatu na nusu katikati, angalia oili ya injini pikipiki ikiwa wima. Oili ya kwanza ya pikipiki mpya imwagwe mapema, kilomita 500 hivi, kwa kuwa ina vumbi la vyuma vipya. Baada ya hapo fuata kitabu, na ukiwa wa vumbi, wahi zaidi ya kitabu. Chujio la hewa ndilo linalosahaulika: kiangazi, nyuma ya Fuso za mpunga, linaziba kwa wiki chache, pikipiki inakunywa petroli na mwenyewe analaumu kabureta.

Ukiwa wa biashara, jiunge na kijiwe kinachoeleweka, lipa ada, na wenzako wajue unaelekea wapi kila unapopata abiria wa mbali. Abiria usiyemfahamu anayetaka kupelekwa porini usiku, akakubali nauli kubwa bila kubishana, mwache. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, stesheni ya Kilosa inashusha wageni wasiojua mji. Wengi wao ni watu wema, ila mwenzako wa kijiweni apige picha ya namba ya pikipiki yako na abiria aone inapigwa.

Ajali ikitokea, yako au ya mwingine, usimvue majeruhi kofia kwa kuivuta, usimkalishe katikati ya pikipiki nyingine kumkimbiza. Mtu aliyevunjika shingo huuawa na mwendo huo. Ubao, mlango, kitanda cha kamba, na gari lolote lenye nafasi ya kumlaza. Kwa upande wa Mikumi hospitali iliyo karibu ni ya Mtakatifu Kizito. Upande wa Kilosa ni ya wilaya.

Na siku utakapoiuza, usimkabidhi mnunuzi ufunguo kwa ahadi kwamba atabadilisha jina mwezi ujao. Nendeni TRA pamoja. Pikipiki iliyo barabarani kwa jina lako ikigonga mtu Gairo au ikitumika kwenye wizi Ifakara, polisi wataanzia kwenye kadi, na kadi itawaleta kwako.